MS na Moyo wa Mgonjwa: Kwa Nini "Jikaze" Haitoshi

Maltipo sklerosisi, ugonjwa unaojulikana zaidi kwa kifupi chake cha MS, hushambulia ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hukosea adui na kuanza kula mayelini, yaani utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva kama plastiki inavyofunika waya wa stima. Utando ukichunika, ujumbe wa ubongo huchelewa, hufika nusu au haufiki kabisa. Dalili basi hutegemea mahali palipochunika: huyu jicho moja huingia ukungu, yule mguu huburura, mwingine vidole hufa ganzi au mkojo humponyoka. Kwa wagonjwa wengi ugonjwa huanza kwa mapigo. Dalili huzuka, hukaa siku kadhaa au majuma, kisha hutulia, na hakuna ajuaye pigo la pili litakuja lini.

Hayo ndiyo huandikwa kwenye faili ya hospitali. Hali ya moyo na akili ya mgonjwa mara nyingi haiandikwi. Takriban nusu ya watu wenye MS hupatwa na sonona wakati fulani maishani mwao, na karibu mmoja kati ya watano huishi na wasiwasi uliopita kiasi. Mitaani hali zote mbili huitwa kwa neno moja, mawazo: "ana mawazo", "mawazo yamemzidi". Na jibu lake nalo huwa neno moja, jikaze. Lakini mawazo ya mgonjwa wa MS yana mizizi inayojulikana, nayo yana tiba.

Njia ndefu kabla ya jina

Duniani watu wapatao milioni 2.9 wanaishi na MS. Wengi hugunduliwa wakiwa na umri wa miaka 20 hadi 40, na wanawake ni wengi kuliko wanaume kwa mara mbili au zaidi. Barani Afrika ugonjwa huu huhesabiwa kuwa adimu. Takwimu za shirikisho la kimataifa la vyama vya MS za mwaka 2020 zilionyesha wagonjwa 5 hivi kwa kila watu 100,000 katika kanda ya Afrika, ilhali Ulaya walizidi 130. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kweli, kwa sababu MS huzidi kadiri mtu anavyokwenda mbali na ikweta. Sehemu nyingine ni uhaba wa vipimo: ili MS ithibitishwe, huhitajika picha za MRI na daktari bingwa wa neva, na vyote viwili hupatikana zaidi katika miji mikubwa.

Kwa mtu wa Mraru, eneo la vilima karibu na Voi katika Kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya, njia hiyo ina vituo vingi. Kuna zahanati, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi, kisha Mombasa, umbali wa kilomita 160 hivi kutoka Voi, au Nairobi, zaidi ya kilomita 300. Kila kituo kina nauli yake na foleni yake, na huenda kikatoa jina jipya: mara presha, mara upungufu wa damu, mara neva zimebanwa. Katikati ya safari dalili zinaweza kutulia zenyewe, na hapo jamaa waliochanga nauli huanza kutazamana.

Majirani nao hawakosi maelezo. Anayeyumba asubuhi huambiwa amelewa. Anayelala mchana huitwa mvivu. Anayekosa nguvu za kuchota maji Jumatatu na kuonekana sokoni Alhamisi husemwa anajifanya, au ametupiwa kitu. Ndiyo maana wagonjwa wengi, hatimaye wanapopewa jina la ugonjwa, hupata kwanza ahueni ya moyo. Hofu hufuata baadaye, lakini kwa siku chache mtu huwa ameaminiwa.

Mizizi mitatu

Mzizi wa kwanza wa sonona katika MS ni ubongo wenyewe. Ugonjwa huacha makovu hata katika sehemu zinazoratibu hisia, na kemikali zinazotolewa na kinga ya mwili wakati wa shambulio zinaweza kushusha moyo wa mtu. Kwa hiyo sonona inaweza kumpata hata mgonjwa ambaye miguu yake bado ina nguvu, na wakati mwingine huanza kabla ugonjwa haujajulikana.

Mzizi wa pili ni hasara na kutojua kesho. MS humkuta mtu katika umri wa kuanza kazi, kuoa au kuolewa, kulea na kujenga. Fundi cherehani ambaye vidole vimekufa ganzi, dereva ambaye jicho limefifia na mkulima ambaye hawezi tena kupanda shamba la mteremkoni, kila mmoja amepoteza zaidi ya mapato. Amepoteza jina alilojulikana nalo. Msiba wa aina hii hauna matanga wala siku ya kuanua, maana kila pigo jipya huufufua.

Mzizi wa tatu ni dawa. Steroidi zinazotolewa kwa wingi kutuliza pigo zinaweza kumchangamsha mtu kupita kiasi na kumnyima usingizi, kisha akaporomoka zinapokwisha. Mgonjwa na jamaa zake wakielezwa mapema, hawashtuki wala hawasemi amerukwa na akili.

Swali la kale ni kama huzuni yenyewe ndiyo huleta MS. Jean-Martin Charcot, daktari wa Paris aliyeueleza ugonjwa huu kwa ukamilifu mwaka 1868, aliona wagonjwa kadhaa waliokuwa wamepitia majonzi kabla ya kuugua, akashuku uhusiano. Utafiti wa baadaye umeelekeza kidole kwingine. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani, ulioonyesha kwamba hatari ya kupata MS huongezeka mara 32 baada ya kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Virusi hivyo huwaingia karibu watu wote duniani, na ni wachache tu kati yao wanaougua MS. Hakuna mtu aliyejiletea MS kwa kulia sana au kwa kukasirika.

Hata hivyo, msongo wa mawazo una uzito wake kwa aliyekwisha kuugua. Uchunguzi uliofanyika Marekani kwa wagonjwa 121 na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba waliofundishwa mbinu za kupunguza msongo kwa majuma 24 walipata makovu mapya machache ubongoni katika kipindi hicho. Mafunzo yalipokoma, faida nayo ilififia. Utulivu wa moyo, basi, ni kama chakula: shibe ya jana haitoshi leo.

Kilio kisicho na huzuni

Kuna dalili moja inayowachanganya watu kuliko nyingine. Karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi wa MS huangua kicheko au kilio bila hisia inayolingana nacho. Anaweza kucheka mazishini huku moyoni ana majonzi, au kububujikwa na machozi akiulizwa tu kama amekunywa chai. Chanzo ni kukatika kwa njia za neva zinazodhibiti uso na sauti. Asiyejua atasema mtu huyu hana adabu au ameingiliwa na pepo, na mgonjwa mwenyewe huanza kukwepa harusi, matanga na ibada. Dawa za kupunguza hali hiyo zipo. Hata kabla ya dawa, familia ikijua tu kwamba kicheko hicho si dharau, aibu hupungua nusu.

Uchovu pia huleta mkanganyiko. Wagonjwa wengi wa MS huwa na uchovu mzito ambao haulingani na kazi waliyofanya, na sonona nayo huchosha. Ili kuzitenganisha, wahudumu wa afya hutumia maswali mawili mepesi kuhusu majuma mawili yaliyopita: je, umekuwa na huzuni au kukata tamaa mara kwa mara? Je, umepoteza hamu au raha katika mambo uliyoyapenda? Mwenye uchovu peke yake husema, "Ningependa kwenda kwaya, ila mwili umekataa." Mwenye sonona husema, "Hata kwaya yenyewe siitaki tena." Jibu la ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo mawili linatosha kumpeleka mtu akachunguzwe zaidi.

Jua la Voi

Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliona kwamba wagonjwa wengine walipotembea sana macho yao yalififia, kisha wakipumzika yakarudi. Baadaye ilieleweka kwamba chanzo ni joto. Joto la mwili likipanda hata nusu ya digrii, neva iliyochunika hupitisha ujumbe kwa shida zaidi. Ujumbe huo hurudi mwili unapopoa, na hakuna kovu jipya lililoongezeka.

Taita Taveta inalifanya jambo hili kuwa la kila siku. Mji wa Voi uko kwenye nyanda za mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya nyika na mashamba ya katani, na jua lake la Februari halina huruma. Wundanyi, juu milimani, hupata ubaridi na ukungu. Chukulia mama mwenye MS aliyeshuka Voi kuuza mboga. Saa mbili asubuhi anatembea vizuri. Saa saba mchana mguu unaanza kuburura na maandishi ya kibao cha matatu yanakuwa ukungu. Asiyejua habari ya joto ataamini kwamba pigo jipya limemfika, atapanda matatu akilia, na usiku hatalala. Anayejua atatafuta kivuli, atalowesha leso maji baridi na kuitupia mabegani, atakunywa maji na kungoja.

Wasiwasi mwingi wa MS hutokana na kutojua kipi ni hatari na kipi kitapita. Kwa hiyo elimu kuhusu joto ni tiba ya mwili na ya akili kwa wakati mmoja. Kanuni inayotumika ni hii: dalili mpya, au ya zamani iliyorudi, ikidumu zaidi ya saa 24 bila homa wala joto kali, mgonjwa aende hospitali. Iliyotulia baada ya mwili kupoa haihitaji nauli ya Mombasa.

Kutema hasira

Wataita, wenyeji wa milima hiyo, walikuwa na elimu yao ya moyo muda mrefu kabla ya hospitali. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi miongoni mwao mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliichambua katika kitabu alichokitoa mwaka 1978 kuhusu dini ya Wataita. Kiini chake ni tendo la kutasa. Mtu huchukua funda la maji, maji ya miwa au pombe, akalitema kwa kulipuliza, huku akitamka kwamba ameitoa hasira moyoni na kuwatakia heri waliomzunguka. Iliaminika kwamba hasira iliyofichwa, hasa ya mzee au ya ndugu wa karibu, inaweza kumwuguza mtu mwingine. Kwa hiyo maradhi ya mmoja yaliwaita wengi kuketi pamoja, kusema yaliyofichwa na kupatana.

Kama maelezo ya chanzo cha MS, imani hiyo haiwezi kusimama, na kumtafuta jamaa wa kulaumiwa huongeza jeraha. Kama utaratibu wa kuwahudumia wenye maumivu, ina hekima ambayo kliniki nyingi bado zinaitafuta. Haikumwacha mgonjwa peke yake, iliyapa maneno yaliyojaa moyoni mlango wa kutokea, na iliwataka wenye afya wafanye kazi ya moyo pamoja na mgonjwa. Leo Wataita wengi ni Wakristo, na nafasi hiyo imechukuliwa zaidi na maombi na ushirika wa kanisa. Maombi humpa mgonjwa nguvu na watu wa kumtembelea. Madhara huja pale anapoambiwa kwamba kumeza dawa ni ishara ya imani haba.

Kukubali si kukata tamaa

Wanasaikolojia hugawa njia za kukabiliana na dhiki katika makundi mawili makubwa, mgawanyo uliofafanuliwa na Richard Lazarus na Susan Folkman mwaka 1984. Kundi la kwanza hulenga tatizo: kuhamishia kazi nzito alfajiri, kununua fimbo, kuomba likizo, kuuliza bei ya dawa. Kundi la pili hulenga hisia: kulia, kusali, kuzungumza, kutafuta maana. Yote mawili yanahitajika, kila moja kwa wakati wake. Mguu ukiwa hauwezi kurudi, kuutafutia tiba mpya kila juma ni kujichosha, na hapo kazi iliyobaki ni ya moyo. Dawa ya kuzuia mapigo ikiwa inapatikana, kungoja muujiza bila kuifuata ni kupoteza muda ambao ubongo hauna.

Njia inayoleta matokeo mabaya zaidi kwa wenye MS ni ya kukwepa: kukana ugonjwa, kujifungia chumbani, kuzamisha hofu katika pombe. Njia yenye matokeo mazuri ni kukubali, neno ambalo mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kukata tamaa. Aliyekata tamaa husema, "Mimi sina kazi tena duniani." Aliyekubali husema, "Shamba la bondeni limenishinda, nitafuga kuku hapa nyumbani."

Fundisho la basi

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanawake wa Mraru walikuwa na tatizo la kwenda Voi. Mabasi yalifika kwao yakiwa yamejaa, na mazao, wagonjwa na wajawazito walibaki njiani. Kikundi chao kikaanza kuchangishana fedha kidogo kidogo, na kufikia mwaka 1975 basi lao lilikuwa barabarani. Habari yao ilienea mbali: mwaka 1980 Jill Kneerim aliiandika katika mfululizo wa vijitabu vya SEEDS uliotolewa New York, na ikasomwa na vikundi vya wanawake katika nchi nyingine.

Basi hilo halikununuliwa kwa ajili ya MS, lakini linaonyesha mahali ambapo msaada wa moyo unaweza kuota mizizi. Kikundi cha wanawake hukutana kwa siku inayojulikana, hujua nani hakuja, na huuliza kwa nini. Kwa ugonjwa adimu, ambapo huenda tarafa nzima ikawa na mgonjwa mmoja tu, chama cha wagonjwa wa MS peke yao si rahisi kuundwa kijijini. Kikundi kilichopo kinaweza kuitimiza kazi hiyo kikielezwa mambo machache: kwamba mwenzao hajifanyi, kwamba uchovu wake ni dalili, na kwamba anaweza kuwa mweka hazina hata kama hawezi kubeba ndoo.

Zimbabwe imeonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kupangwa. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza wanawake wazee kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Bibi hatoi mahubiri. Humsaidia mtu kuchagua tatizo moja, kutafuta hatua moja inayowezekana, na kurudi kueleza ilivyokwenda. Matokeo ya jaribio lililochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba dalili za sonona na wasiwasi zilipungua sana miongoni mwa waliohudumiwa hivyo.

Tiba na haki

Sonona ya mgonjwa wa MS hutibiwa kama sonona nyingine, kwa uangalifu zaidi kuhusu uchovu na dawa anazotumia. Tiba ya mazungumzo inayofundisha mtu kuchunguza fikra zake na kurudisha shughuli ndogondogo za siku imethibitika kusaidia, na hutolewa hata kwa simu. Dawa kama fluoxetine zinajulikana na si za bei ya juu. Amitriptyline huweza pia kupunguza maumivu ya neva. Mazoezi mepesi wakati wa ubaridi wa asubuhi husaidia moyo na misuli pamoja. Kutibu MS yenyewe ni sehemu ya kutibu hofu: Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS, yaani rituximab, cladribine na glatiramer, katika orodha yake ya dawa muhimu, hatua inayozipa serikali msingi wa kuziagiza.

Hatari ya kujiua kwa wenye MS ni takriban mara mbili ya watu wengine, na kumwuliza mtu waziwazi kama amewahi kuwaza kujiua hakumpi wazo hilo. Humpa nafasi ya kupumua. Sheria ya Kenya nayo imesogea. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili yaliyotiwa saini Juni 2022 yaliziwekea serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili karibu na wananchi, na Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 1199, hupokea wanaohitaji msaada wa kisaikolojia.

Familia haipaswi kusahaulika. Mume, mke, binti au mama anayemhudumia mgonjwa kwa miaka naye huchoka na kuhuzunika, na huona haya kusema kwa kuwa si yeye aliyeugua. Zamu za kumhudumia mgonjwa zikigawanywa na jamaa, na mhudumu akipata siku moja ya kwenda kwenye shughuli zake, wote wawili hudumu zaidi.

Mwenye MS akikutana na mhudumu wa afya, aulizwe kuhusu moyo wake kama anavyoulizwa kuhusu mguu. Asipoulizwa, aseme mwenyewe, au anayempeleka amsemee. Mguu unaoburura hauambiwi ujikaze. Hutafutiwa fimbo, kivuli na daktari. Moyo nao unastahili vivyo hivyo.